Picha za Duka la Harbans

"Hii si mkono yangu," Mzee Lakhbir alisema, akiinyooshea kidole picha iliyotundikwa juu ya redio. "Mtu ameingia hapa, amebadilisha."

Chepkoech alikuwa amepiga magoti akimvisha soksi. Aliinua macho, akaitazama picha ile, kisha akarudi kwenye soksi. Kwenye mafunzo ya kazi waliambiwa wasibishane na mzee anayesahau, wala wasikubaliane naye. Wamwelekeze kwenye jambo jingine. Akamuuliza kama angependa chai yenye tangawizi.

"Sijauliza tangawizi," mzee alisema. "Nasema picha."

Asubuhi hiyo, kwenye daftari la wahudumu, Chepkoech aliandika: amekula vizuri, amechanganyikiwa kidogo. Aliandika hivyo hivyo kesho yake, na keshokutwa.

Lakhbir Singh alikuwa na miaka themanini na minne. Ujanani, huko Kisumu, alikuwa mchora mabango. Sabuni, soda na majani ya chai alivichora kwenye kuta za maduka kuanzia mjini hadi Ahero, herufi moja moja, bila rula. Mwaka 1968 alihamia Birmingham, Uingereza, na mkewe, Harbans, na mtoto wao wa kike. Akapata kazi kwenye kiwanda cha magari, akapuliza rangi milango ya magari miaka thelathini, na Jumapili alichora picha zake mwenyewe. Alichora kitu kimoja tu, duka ambalo mkewe aliliendesha Kisumu. Picha kumi na mbili zilikuwa zimejaza sebule na ukumbi wa nyumba yake ya mtaa wa Hodge Hill. Rafu zilipanda hadi darini, kila kopo la mafuta ya Kimbo na maandishi yake, kila mche wa sabuni na kivuli chake, na katikati ya bidhaa hizo alisimama Harbans nyuma ya kaunta. Katika picha nyingine alikuwa akipima sukari, katika nyingine akikutazama kana kwamba umekawia kusema unataka nini. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

Chepkoech, mzaliwa wa Kericho, alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu. Utafiti wake ulihusu riwaya za Kimarekani za miaka ya sitini hadi themanini, zile ambazo watu huzunguka ndani ya supamaketi kama waumini kanisani, na ambazo hazikosi mchoraji mmoja pembeni: anayechora makopo, anayeghushi kazi za mabingwa, au ambaye hajui tena kama anaona kitu chenyewe au tangazo lake. Saa alizoruhusiwa kufanya kazi kama mwanafunzi alizitumia kuhudumia wazee majumbani. Siku ya kwanza alipoingia nyumba ya Mzee Lakhbir, alisimama ukumbini hata koti hajavua. Mambo aliyokuwa akiyasoma maktabani yalikuwa yametundikwa ukutani kwa mtu ambaye hajawahi kufungua riwaya hata moja kati ya zile. Alimwomba ruhusa ya kuzipiga picha kwa ajili ya sura moja ya tasnifu yake. Mzee alikubali, ila alimkataza kumulika na taa.

Ilikuwa siku ya nne ya malalamiko yale alipopangusa vumbi juu ya redio. Picha ile ilikuwa na ufa mrefu, rangi iliyokauka ikapasuka kuanzia kopo la Kimbo hadi kwenye bega la Harbans. Alipitisha kidole juu ya ufa ule. Kidole hakikuhisi kitu. Alirudia, polepole. Ufa ulionekana kwa macho, lakini pale chini ya kidole palikuwa laini kama kurasa za gazeti la mitindo.

Alitoa simu, akaitafuta picha aliyopiga mwaka uliopita, akaweka simu kando ya ukuta. Zilifanana kwa kila kitu. Kisha akasogeza kamera karibu kabisa na uso wa Harbans, akaikuza picha, na uso ukavunjika ukawa vitone vidogo vya buluu, vya manjano na vya waridi.

Mzee alikuwa akimwangalia kutoka kitini.

"Umeona?" aliuliza.

"Nimeona, Mzee."

"Basi andika hiyo kwa kitabu yako."

Hakuandika. Alizunguka nyumba nzima akigusa picha moja baada ya nyingine. Saba kati ya kumi na mbili zilikuwa zimechapwa kwa mashine kwenye kanvasi, zikawekwa ndani ya fremu za zamani. Mtu aliyefanya kazi ile alikuwa na wakati, alikuwa na subira, na alikuwa na ufunguo.

Ufunguo wa nyumba ulikaa kwenye kisanduku cha namba kando ya mlango. Namba zile walikuwa nazo watu watatu, mbali na ofisi: Chepkoech, aliyekuja asubuhi, Jatinder, binti wa mzee, aliyekuja Jumapili, na Ciza, aliyekuja jioni.

Riwaya alizosoma Chepkoech zilijaa watu wa aina hii: mtu anaona alama ndogo, anaifuata, na baada ya kurasa hamsini hakuna kitu ambacho si alama. Alilijua jambo hilo vizuri kuliko watu wengi. Dk. Vidya, msimamizi wake wa utafiti, alimwambia wazi alipomsimulia: "Angalia usije ukakisoma kila kitu kama kitabu." Chepkoech alijibu kwamba vitone vile si kitabu.

Ciza alitoka Bukavu, Kongo. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mcheshi, aliyependa kumwimbia mzee nyimbo za kwaya akimtayarishia chakula. Wakikutana kubadilishana zamu, kila mmoja alizungumza Kiswahili chake, na mara nyingine walilazimika kurudia sentensi ndipo waelewane. Jumapili baada ya ibada aliwauzia waumini wenzake picha za harusi na za ubatizo zilizochapwa kwenye kanvasi. Chepkoech aliwahi kuona matangazo ya biashara hiyo kwenye simu yake na kuyapita. Sasa aliyafungua tena, akayakuza, akatazama kona za fremu na namna kanvasi ilivyokunjwa nyuma. Mkunjo ulikuwa uleule. Hakujiuliza kama kuna namna nyingine ya kukunja kanvasi.

Jumamosi ile alifika Hodge Hill mchana, ingawa haikuwa zamu yake. Alikuwa amesahau chaja. Alipokata kona alimwona Ciza akitoka kando ya nyumba amebeba kitu bapa kilichofungwa kwa shuka.

"Umebeba nini?" aliuliza.

"Kioo tu, dada," Ciza alisema, macho yake yakienda barabarani. "Kilipasuka."

Chepkoech akasema sawa, akaingia ndani. Ukumbini, mahali pa picha ya nane, palikuwa na misumari miwili mitupu. Jumatatu asubuhi picha ilikuwa imerudi mahali pake. Aliigusa. Ilikuwa laini.

Siku hiyohiyo alikwenda ofisini. Meneja wao, Kowsar, alikuwa Msomali aliyekulia Eastleigh ya Nairobi, mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama picha zote kwenye simu.

"Umemuuliza Ciza?"

"Nilimuuliza amebeba nini. Akanidanganya."

"Kuhusu picha umemuuliza?"

"Hapana."

"Una hakika ni yeye?"

"Nina hakika picha zimebadilishwa."

"Hilo sijakuuliza," Kowsar alisema. Hata hivyo alimpa fomu, kwa kuwa sheria za kazi zilimlazimu, na Chepkoech akaijaza kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Alieleza vitone. Alieleza biashara ya kanvasi. Alieleza kioo. Alipoisoma tena aliona imenyooka, kila jambo likilishika mkono la pili, na akaridhika kwa namna ambayo baadaye alichukia kuikumbuka.

Ciza alisimamishwa kazi jioni hiyo. Viza yake ilitegemea kampuni ile. Asipokuwa na kazi pale, hana ruhusa ya kukaa nchini. Hilo Chepkoech alilijua alipokuwa akijaza fomu. Alijiambia kwamba mwizi ndiye anayepaswa kuwaza hilo.

Kwa wiki tatu jioni zilihudumiwa na watu tofauti. Mzee Lakhbir aliacha kula chakula cha usiku. "Mukongo yuko wapi?" aliuliza kila asubuhi, na Chepkoech akajibu kwamba yuko likizo. Mara ya tano kusikia jibu hilo, mzee aliweka kikombe chini, akamtazama.

"Wewe ndiye napiga picha zote," alisema. "Kila kona. Wewe najua kila kopo iko wapi. Mukongo hajawahi hata kuuliza."

"Mzee, ulinipa ruhusa."

"Nilikupa." Akageuza uso dirishani. "Leo naoga mwenyewe."

Siku iliyofuata Chepkoech alikuta mlango wa chumba cha nyuma, kile cha rangi na brashi, umefungwa kwa kufuli mpya. Mzee aliuvaa ufunguo shingoni kwa uzi. Chepkoech akipangusa sebule, yule mzee alimfuata kwa fimbo yake, akasimama mlangoni mpaka amalize. Kwenye daftari, chini ya maandishi yake ya jana, mtu wa zamu ya jioni alikuwa ameandika: mteja anasema mhudumu wa asubuhi anamwibia. Chepkoech alisoma sentensi ile mara mbili.

Wakati huo wote Jatinder hakuwepo. Alikuwa Jalandhar, India, kwenye arusi ya jamaa. Alirudi Jumapili ya mwisho ya mwezi, na Jumatatu asubuhi akaja kabla ya kufungua duka lake la dawa. Chepkoech alimvuta jikoni, akafunga mlango, akamwambia kwamba picha nane za baba yake ni bandia.

Jatinder alisikia Kiswahili cha wazazi wake lakini alijibu kwa Kiingereza, kama alivyozoea tangu utoto.

"Najua," alisema. "Ni mimi."

Chepkoech alidhani hakusikia vizuri.

"Ni mimi niliyezichukua. Njoo nyumbani kwangu ukimaliza zamu, utaona kwa nini. Hapa siwezi kusema, ana masikio."

Jatinder aliishi Castle Vale. Ndani ya chumba kidogo cha juu, picha nane zilikuwa zimeegemezwa ukutani chini ya mashuka. Chepkoech aligusa ile yenye ufa, na mara hii ukucha wake ulizama. Harufu ya mafuta ya rangi ilimpanda puani. Hakukuwa na vitone. Palikuwa na mkono wa mtu, mzito hapa, mwepesi pale.

Kando kulikuwa na picha ya tisa, imegeuziwa ukuta. Jatinder aliigeuza.

Lilikuwa duka lilelile. Rafu zilikuwa zilezile, zikipanda hadi darini, lakini makopo yalikuwa na lebo za leo, na mengine yalibandikwa karatasi za manjano za bei iliyopunguzwa. Kaunta haikuwepo tena. Mahali aliposimama Harbans palikuwa na mashine ya kujilipia yenye kioo kinachong'aa na taa nyekundu juu, ile taa inayowaka mashine inapomwita mfanyakazi. Hakuna aliyekuwa akija.

"Hii ilikuwa ya kumi na tatu," Jatinder alisema. "Ilitundikwa chumbani kwake. Nilimkuta mwezi wa Machi na brashi, anamfunika mama. Alikuwa ameshamaliza mikono, amefika shingoni. Nikamwambia baba, unafanya nini? Akasema ondoka kwenye mwanga. Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya; alipoimaliza ndipo nikaichukua. Kwa hiyo nikaanza kuzichukua mojamoja, naleta za kuchapwa. Akifunika za kuchapwa, afunike."

Alilia bila sauti, akijifuta kwa mkono wa sweta. Chepkoech alisimama mbele ya picha ile na kuona aibu, kwa kuwa wazo lililomjia kwanza halikuwa la kumfariji mtu. Aliwaza kwamba ilikuwa bora kuliko zote nyingine. Mtu aliyechora taa ile nyekundu hakuwa amesahau chochote.

Ndipo jambo la pili likamfikia.

"Ciza alijua?"

"Alinisaidia kubeba. Ile ya mwisho aliniletea kwenye gari, nilikuwa nimeegesha barabara ya pili. Nilimwomba asimwambie mtu. Wewe hasa, maana wewe na baba huongea sana." Jatinder akamtazama. "Kwa nini unauliza kuhusu Ciza?"

Chepkoech alimweleza. Jatinder alikaa kitandani. Alikumbuka ofisi ilimtumia barua pepe mbili akiwa arusini, wakimwomba apige simu. Alidhani ni mambo ya ratiba, akaziacha. Na Ciza, walivyokuja kugundua baadaye kwa Kowsar, aliposomewa mashtaka yake alisema sentensi moja tu: muulizeni binti ya mzee. Zaidi ya hapo hakufungua mdomo.

Mchana uleule walikwenda ofisini wote wawili. Jatinder aliandika maelezo yake. Chepkoech aliomba kuiondoa fomu yake, na Kowsar akamwambia kwamba fomu haiondolewi. Huongezwa nyingine juu yake. Basi akajaza nyingine. Mara hii ilikuwa fupi.

Kumwambia mzee kulibaki kazi ya Jatinder, naye alimwomba Chepkoech awepo. Walimkuta sebuleni na ufunguo wake shingoni. Jatinder alipiga magoti mbele yake, akamweleza kwa Kipunjabi, kisha Kiingereza. Mzee alisikiliza, kisha akamgeukia Chepkoech na kusema kwa Kiswahili, kana kwamba ndiyo lugha ya kutolea hukumu.

"Nilisema si mkono yangu."

"Ulisema, Mzee. Nisamehe."

"Mwezi mzima watu wananiambia kichwa imeharibika."

Jatinder akamuuliza kwa nini anamfunika mama. Ilionekana hakuwahi kumuuliza swali hilo akiwa hana hasira. Mzee alichezea uzi wa ufunguo.

"Mimi nachora duka," alisema mwishowe. "Kila mwaka nachora duka. Mama yako alikuwa kwa duka, nikamchora. Sasa naenda kununua maziwa, hakuna mtu. Mashine nauliza mimi, iko mfuko? Mimi nachora nini, uwongo?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Yeye hayuko, Jatinder. Kila asubuhi naamka, yuko kumi na mbili kwa ukuta, na hayuko."

Baada ya wiki moja Jatinder alirudisha picha saba. Ya nane, ile ambayo Harbans anapima sukari, alibaki nayo, na baba yake hakuiuliza. Zile za kuchapwa alizipakia kwenye gari, akazipeleka jaa la taka la mtaani.

Ciza alirudishwa kazini na kuombwa radhi kwa barua. Chepkoech alimpigia simu mara tatu bila kujibiwa. Mara ya nne Ciza alikubali wakutane kituo cha treni cha Perry Barr, robo saa, kabla ya kwenda kwa ndugu yake Walsall. Alikuja amevaa koti la kanisani. Amekonda.

"Nilikosea," Chepkoech alisema. "Sina la kujitetea."

"Uko nalo," Ciza alisema. "Sema tu. Nataka nilisikie."

"Ulisema ni kioo."

"Njo vile, ni kweli. Nilidanganya. Mtoto wake aliniomba, nami nikaahidi. Ungeniuliza mara ya pili, ningekuambia." Alitazama reli. "Dada, wewe unasoma vitabu vikubwa. Ulichunguza matangazo yangu kwenye simu, ukachunguza mpaka namna nakunja kanvasi, Kowsar alinisomea. Kazi yote ile. Na swali moja hukuuliza."

"Niliogopa ungekana."

"Bon, sawa. Ningekana au ningekubali. Lakini ningekuwa mtu unaongea naye." Hakuinua sauti. "Wiki tatu mke wangu anaogopa kila mlango unapogongwa. Watoto banauliza tunarudi Bukavu lini. Si hasira niko nayo. Ila sitaki tena kubadilishana zamu na wewe, kukusalimia, kucheka. Nitakuwa nakuangalia, nikijiuliza unaandika nini."

Treni ilifika, akapanda.

Chepkoech alitoka kituoni, akampigia Kowsar akiwa bado barabarani. Alisema Ciza apewe Hodge Hill, asubuhi na jioni kama anataka, na yeye apangiwe nyumba nyingine. Kowsar alimuuliza kama amelifikiria sawasawa, maana anajua picha zile ni za masomo yake. Alisema amelifikiria.

Alimaliza sura yake majira ya baridi kwa picha alizokuwa nazo tayari, zile kumi na mbili za zamani ambazo Harbans yumo katika kila moja. Ile yenye mashine aliieleza kwa maneno tu, aya moja, kwa kuwa hakuwahi kuomba ruhusa ya kuipiga. Dk. Vidya aliandika pembeni kwamba aya hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, akauliza kama angeweza kwenda tena kuona mzee anachora nini sasa.

Chepkoech alijibu kwamba hawezi. Wakati huo alikuwa akimhudumia mwalimu mstaafu aliyeishi ghorofa ya tatu kwenye majengo mapya karibu na uwanja wa michezo, mama aliyefungia hata sukari kabatini. Siku ya kwanza mama huyo alimsimamisha mlangoni, akamkagua kuanzia viatu hadi mkoba, akauliza kwa nini aliondolewa alikokuwa. Chepkoech alimweleza yote, tangu mwanzo, huku wamesimama.

"Ingia," mama alisema. "Mkoba uache hapa."